Mbwa wangu mzee anabwekea ukuta usiku: je, mafuta ya nazi na vidonge vya akili vitamsaidia?

*"Daktari, habari za kazi. Ninaishi Muyeye, hapa Malindi. Nina mbwa anaitwa Nero, aliachwa na tajiri wangu Mwitaliano aliporudi kwao, nikabaki naye. Sasa ana miaka 13 na uzito wake ni kama kilo 22. Tangu kaskazi iishe, amebadilika kidogo kidogo. Usiku saa nane anaamka, anazunguka uani, kisha anasimama mbele ya ukuta na kuubwekea. Mara mbili amekwama nyuma ya tangi la maji akashindwa kujitoa. Anakojoa ndani, na hakuwa na tabia hiyo. Mwanangu akirudi jioni, anamnusa kama mgeni. Jirani anasema hicho ni kichaa na tummalize kabla hajauma mtoto. Binti ya yule tajiri amenitumia kapsuli za mafuta ya samaki na vidonge vya akili vya mbwa wazee. Kwenye simu nako nimeona watu wakisema mafuta ya nazi, vijiko viwili vikubwa kwa siku, yanarudisha kumbukumbu. Nilianza wiki iliyopita, sasa anaharisha. Niendelee? Na hivyo vingine nimpe vyote pamoja?"*

Dada yangu, mafuta ya nazi acha leo. Kapsuli na vidonge navyo usivifungue kwanza. Nero anywe maji ya kutosha, ale wali mlaini na kuku aliyechemshwa bila chumvi wala vitunguu kwa siku mbili tatu, tumbo litulie. Akiharisha damu, akitapika, au akikataa maji, usingoje. Mlete siku hiyo hiyo.

Sasa tuanze na jirani, kwa sababu neno lake linaweza kumwua mbwa kabla hatujafika kwenye vidonge. Hofu yake si ya kupuuzwa. Kichaa cha mbwa kipo nchini, na serikali ilijiwekea mpango wa kukimaliza kwa binadamu kati ya mwaka 2014 na 2030 kwa sababu bado kinaua watu, wengi wao watoto. Lakini kichaa hakina subira. Dalili zikishaanza, mbwa huenda mbio: tabia hubadilika ghafla, sauti hubadilika, mate humtoka, kumeza humshinda, miguu hulegea, na mara nyingi hafikishi siku 10. Nero amebadilika tangu kaskazi iishe, anakula, anakunywa, yuko hai. Mwendo huo wa polepole si wa kichaa. Hata hivyo, tazama kadi yake ya chanjo. Kama mwaka umepita, achanjwe upya. Na ikitokea mbwa yeyote, awe wako au wa njiani, amemuuma au kumkwaruza mtu, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mtu aende hospitali siku hiyo hiyo akapate chanjo. Hapo hakuna kungoja kuona mbwa atakuwaje.

Wapo pia watakaokuambia mbwa akibwekea ukuta usiku wa manane basi ameona jini. Hayo nawaachia wenye elimu yake. Mimi nitakueleza ya kichwani mwa mbwa.

Unachokieleza kinafanana sana na kudhoofika kwa akili kunakoletwa na uzee: kupotea mahali anapopajua, kubadilisha usiku kuwa mchana, kusahau adabu ya choo, kutowatambua watu wa nyumbani, kutembeatembea bila shabaha. Ni jambo la kawaida kuliko watu wanavyodhani. Utafiti mmoja uliofanywa California na kuchapishwa mwaka 2001 uliwauliza wenye mbwa, na ukakuta dalili angalau za aina moja kwa asilimia 28 ya mbwa wa miaka 11 hadi 12, na kwa asilimia 68 ya wale wa miaka 15 hadi 16. Huku kwetu mbwa wengi hawafiki umri huo. Gari, sumu au kupe huwatangulia, ndiyo maana wengi hatujawahi kuona mbwa aliyezeeka akili. Hawa mbwa wa Malindi wenye majina ya Kiitaliano, waliochanjwa na kulishwa vizuri tangu wadogo, ndio ninaowaona wakifika huko.

Kinachotokea ndani ni hiki. Mbwa anapozeeka, protini iitwayo amiloidi beta hujikusanya katika ubongo wake na kufanya madoa. Protini hiyo kwa mbwa ni ile ile ya binadamu, na ndiyo maana watafiti wa ugonjwa wa Alzheimer wamewachunguza sana mbwa wazee. Ubongo wenyewe husinyaa. Seli zake huchoka kwa uchafu unaotokana na matumizi ya hewa ya oksijeni, na ulinzi wa mwili dhidi ya uchafu huo hupungua. Juu ya hayo, uwezo wa ubongo kutumia sukari, ambayo ndiyo nishati yake kuu, hushuka. Seli hazifi zote, ila nyingi hushinda na njaa hali chakula kipo. Mambo haya matatu, yaani uchafu, njaa na kusinyaa, ndiyo yanayolengwa na karibu kila kidonge kinachouzwa kwa jina la akili ya mbwa.

Lakini hakuna kipimo kimoja cha damu kitakachoniambia kwamba Nero ana ugonjwa huu. Tunaufikia kwa kuyaondoa mengine kwanza, na hapa ndipo watu wengi hupoteza pesa. Mbwa mzee anayekojoa ndani anaweza kuwa na kisukari, figo zilizochoka au maambukizi ya kibofu. Anayezunguka usiku huenda nyonga au magoti yanamuuma, na kila akilala upande mmoja anaamshwa na maumivu. Asiyemtambua mwanao huenda haoni vizuri jioni kwa sababu ya mtoto wa jicho, au hasikii tena geti likifunguliwa, kwa hiyo anamnusa kwa sababu pua ndiyo iliyobaki. Presha ya damu inaweza kuvuruga macho na ubongo pamoja. Uvimbe wa ubongo nao hutokea, hasa mbwa akiwa anazungukia upande mmoja tu au akianza kupata kifafa uzeeni.

Kisha yapo ya kwetu. Ugonjwa wa kupe, ule unaoitwa erlikia, huweza kukaa mwilini miezi mingi ukimla mbwa taratibu: amepungua, hana nguvu, ufizi umepauka, pua inatoka damu. Na kama umewahi kukaa naye upande wa Gede au karibu na msitu wa Arabuko-Sokoke, ambako mbung'o wapo, nitataka kuangalia damu yake kwa darubini nione kama hana vijidudu vya malale. Mbwa mwenye malale huwa mzito, homa inakuja na kwenda, na macho yake huweza kufanya ukungu mweupe ambao mwenye mbwa huuita uzee. Magonjwa haya yana dawa. Ukimlisha kapsuli za samaki mbwa mwenye erlikia, unapoteza wiki ambazo angekuwa anapona.

Kwa hiyo fedha yako ya kwanza iende kwenye uchunguzi: macho, masikio, meno, viungo, moyo, mkojo, damu. Ikibaki, ndiyo twende kwenye chupa.

Tuichukue nazi. Hii habari haikutoka hewani. Kuna mafuta yanayoitwa ya mnyororo wa wastani, kwenye chupa huandikwa MCT, ambayo ini huyageuza haraka kuwa ketoni. Ubongo ulioshindwa kutumia sukari unaweza kutumia ketoni, kama vile jiko lililokosa mkaa linavyowashwa kwa vifuu na chungu kikaiva. Majaribio yamefanyika. Lililochapishwa mwaka 2018 lilichukua mbwa 87 wa majumbani wenye dalili hizi, wakalishwa kwa siku 90. Chakula chenye asilimia 6.5 ya mafuta hayo, pamoja na mafuta ya samaki, vitamini na virutubishi vingine, kiliwapa nafuu kuliko chakula cha kawaida. Ujue pia kwamba kazi hiyo ilitoka kwa kampuni inayouza chakula chenyewe. Hilo halifanyi matokeo kuwa uongo, ila mimi husoma nikiwa nimefungua macho yote mawili.

Tatizo ni kwamba mafuta ya nazi ya jikoni si MCT. Karibu nusu yake ni asidi ya lauriki, ambayo haigeuki ketoni kwa wepesi huo. Zile asidi mbili fupi zinazofanya kazi hazifiki hata sehemu 20 katika 100. Walioyasifu mafuta ya nazi kwenye simu wamechukua sifa ya kitu kimoja wakakivika kingine. Halafu piga hesabu. Vijiko viwili vikubwa vya mafuta vina kalori zipatazo 240. Mbwa mzee wa kilo 22 anahitaji kama kalori 850 kwa siku nzima. Umemwongezea zaidi ya robo ya chakula chake kwa mafuta matupu, kwa siku moja, bila kumzoesha. Kuharisha ni onyo la heshima tu. Mbwa wengine huvimba kongosho, na hilo hulaza mbwa kwenye dripu. Tui akilamba kidogo kwenye wali halimdhuru, ila usilihesabu kuwa dawa. Ukitaka MCT halisi, tuifikirie baada ya vipimo, na tutaanza na robo ya kijiko cha chai ndani ya chakula.

Mafuta ya samaki yana hadhi zaidi machoni pangu. Asidi za omega-3 zilizomo, hasa ile iitwayo DHA, ni sehemu ya ngozi ya seli za ubongo wenyewe, na husaidia pia viungo vyenye maumivu, ambavyo mbwa wa miaka 13 hakosi. Soma maandishi kwenye chupa. Kapsuli ya kawaida ya miligramu 1,000 mara nyingi ina kama miligramu 300 tu za omega-3 zinazohitajika, yaani EPA na DHA zikijumlishwa. Kama ndivyo, na tumbo limetulia, anza na moja kwa siku pamoja na chakula, na baada ya wiki mbili ziwe mbili. Akianza kuharisha tena, rudi nyuma. Ziweke kwenye friji. Joto letu huyachachua mafuta ya samaki upesi, na mafuta yaliyochacha huongeza uchafu ule ule tunaopigana nao. Tumbua kapsuli moja uinuse: ikikupiga na harufu kali kama rangi ya ukutani, tupa chupa.

Usichanganye haya na mafuta ya ini la samaki yanayouzwa kwenye maduka ya dawa kwa ajili ya watoto. Hayo yana vitamini A na D kwa wingi. Vitamini D ikizidi huharibu figo za mbwa.

Na kwa nini tusiseme ukweli kwamba unaishi ufukweni? Dagaa wasiokaushwa na vibua wana omega-3 hiyo hiyo. Mpe kiganja kimoja cha dagaa waliopikwa, mara tatu au nne kwa wiki, badala ya sehemu ya nyama. Nasema waliopikwa kwa sababu baadhi ya samaki wadogo wakiwa wabichi wana kimeng'enya kinachovunja vitamini B1, na mbwa akilishwa hivyo kila siku anaweza kuishiwa na vitamini hiyo akaanza kuyumba na kuchanganyikiwa, yaani ugonjwa mwingine unaofanana na ule unaotaka kuutibu. Moto hukiua kimeng'enya hicho. Dagaa wakavu huwa na chumvi na mchanga, kwa hiyo waloweke, umwage maji, ndipo uchemshe.

Vile vidonge vya mchanganyiko sijaviona, lakini nakisia kilichomo: vitamini E na C, vitamini B, karinitini, asidi ya alfa-lipoiki, labda ginkgo au fosfatidilserini. Mwaka 2007 watafiti wa Uingereza walichapisha jaribio dogo la mchanganyiko wa namna hii, na mbwa waliopewa walipungua kupotea, kukojoa ovyo na kujitenga kuliko waliopewa vidonge bandia. Ni matokeo ya kutia moyo, si ya kuapia. Mwenye mbwa akitumaini, huona nafuu hata pasipo nafuu, na majaribio mengi katika eneo hili yana mbwa wachache. Binafsi nikiona chupa imeandikwa vitu 20 kwa viwango vya kuonjesha, naiacha dukani.

Kuna hatari mbili za kuangalia kwenye lebo. Ya kwanza ni zailitoli (kwenye lebo huandikwa xylitol), sukari bandia inayotiwa kwenye vidonge na vimiminika vitamu vya binadamu. Humshusha mbwa sukari ya damu upesi na huweza kuua ini. Ya pili ni kwa paka. Najua Malindi hakuna ua lisilo na paka. Asidi ya alfa-lipoiki ambayo mbwa anaivumilia huweza kumdhuru paka kwa kiasi kidogo sana. Kidonge kikianguka, kiokote.

Usimpe vyote pamoja. Vitamini zitajirudia, na akiharisha au akipata nafuu hutajua kilichofanya kazi. Kimoja kwanza, wiki sita hadi nane, ukiandika. Kisha ndiyo tuongeze kingine au tukiache.

Ipo pia dawa yenyewe, si kirutubishi: selejilini. Marekani iliidhinishwa kwa ugonjwa huu wa mbwa mwaka 1998. Hufanya kazi kwa baadhi na kwa wengine haifanyi kitu. Nakutajia kwa sababu moja. Kama mtu atakuletea kutoka Ulaya, usiitumie bila mimi au daktari mwingine kujua unamwoshea Nero dawa gani ya kupe. Dawa nyingi za kuogeshea zinazouzwa kwenye maduka ya mifugo hapa zina amitrazi, na hizo mbili hazikutanishwi mwilini mwa mbwa mmoja. Pia usijaribu kumlaza usiku kwa piritoni. Dawa za namna hiyo huweza kuzidisha kuchanganyikiwa. Na ibuprofeni au diklofenaki za binadamu kwa ajili ya viungo vyake, hapana kabisa. Zinatoboa tumbo na kuua figo.

Sasa nikuambie kile ambacho hakuna mtu atakutumia kwa barua kutoka Italia. Katika utafiti wa miaka miwili na zaidi kwa mbwa wazee wa aina ya beagle, uliochapishwa mwaka 2005, baadhi walipewa chakula chenye vitamini na mboga za kuzuia ule uchafu wa seli, baadhi walipewa maisha yenye mambo mengi (mwenza, matembezi, vitu vya kuchezea, masomo madogo), na baadhi walipewa vyote viwili. Waliopewa vyote viwili walifanya vizuri kuliko wa upande mmoja. Baadaye, mwaka 2022, utafiti mkubwa wa Marekani ulikuta mbwa wasiotembea wana dalili hizi mara nyingi zaidi kuliko wanaotembea, ingawa huwezi kusema kwa hakika kama kukaa ndiko kulikoleta ugonjwa au ugonjwa ndio ulioleta kukaa.

Mtembeze. Saa kumi na mbili asubuhi, kabla jua halijachoma mchanga, mpeleke ufukweni umwache anuse. Usimwongoze haraka. Kila rundo la mwani lililotupwa na maji kujaa lina habari mpya, na pua ndiyo shule yake. Mwangaza wa asubuhi unausaidia ubongo kujua mchana ni upi. Jioni tena, njia fupi. Chakula chake usikiweke chote kwenye bakuli: gandamiza kidogo ndani ya vifuu viwili vitatu, uvifiche uani avitafute. Usimwache alale mchana kutwa.

Usiku, taa ndogo iwake anapolala. Tandika mkeka wa zamani au gunia juu ya sakafu ya simenti ili asiteleze. Ziba ile nafasi ya nyuma ya tangi kwa ubao. Usihamishe vitu vya uani mwezi huu. Mtoe akojoe kabla hujalala, na akikojoa ndani usimpige wala kumsugua pua, kwa sababu hajui alichokosa na utamwongezea hofu tu. Mwanao akiingia, amwite jina kutoka getini na ampe mkono anuse kwanza. Watoto wadogo wasimguse akiwa amelala. Mbwa aliyeshtuka usingizini anaweza kuuma bila ubaya.

Sitakudanganya kwamba atarudi kuwa Nero wa zamani. Ugonjwa huu hauponi. Tunachotafuta ni usiku wa kulala kwenu wote, na miezi ambayo bado anafurahia chakula na watu wake. Siku ikifika ambapo hali tena, hakutambui kabisa, analia usiku kucha na hakuna tulichobakiza kufanya, kumlaza asiamke tena kwa sindano ya daktari ni njia ya huruma, na hutaambiwa umemtupa. Lakini uamuzi huo ufanywe na wewe na daktari aliyesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya baada ya kumpima, si na jirani mwenye rungu.

Njoo naye kabla wiki haijaisha, hata kama kuharisha kumekoma. Njoo haraka zaidi akianza kuanguka, kupata kifafa, kuinamisha kichwa upande mmoja, kupofuka ghafla, au kunywa maji kupita kiasi. Mrekodi kwa simu akizunguka usiku, dakika moja inatosha. Leta chupa zote mbili na ile ya dawa ya kupe. Na asubuhi ya kuja, mtangulie kwa kopo safi ukinge mkojo wake wa kwanza, uumimine kwenye chupa iliyooshwa na kukauka, uifunge, unikabidhi ndani ya saa mbili.